Saa Kumi na Moja ya Cucu Wairimu

Madamu anayefundisha manasi wa wazee ameniambia niandike miaka yangu ya wodini, ati wanafunzi wake wasome. Nimemuuliza mara tatu ni kwa nini, na mara tatu amenijibu ni kwa sababu najua mambo. Mimi mtu akinisifu mara tatu huwa naangalia mkoba wangu uko wapi. Lakini nimestaafu, kuku zangu hazinipi kazi ya kutosha, basi naandika. Nitaandika vile naongea. Shule niliachia Form Two, na hata hiyo Form Two nilifanya nusu, kwa hivyo mahali Kiswahili yangu imeteguka, ujue ni ile nusu ingine.

Siku ya kwanza niliingia wodi ya wamama wazee nikiwa na viatu vya raba kutoka duka ya Mhindi hapo Nyeri mjini. Vilikuwa saizi moja kubwa kwa sababu mwenye duka aliniambia nitakua. Nilikuwa na watoto wawili tayari. Nilikuwa nimetoka Chaka nikakodi chumba Majengo, nyuma ya msikiti, na asubuhi nilipanda kilima mpaka hospitali nikivuta hivyo viatu kama mtu ameiba. Kazi yangu ilikuwa atendanti. Kwa wale hawajui, nasi anaandika kile amefanya, na atendanti anafanya kile hakiandikwi: kuosha, kulisha, kugeuza, kubeba, na kutukanwa na mtu ambaye alizaliwa kabla ya mama yako.

Aliyenifundisha kazi anaitwa Mama Muthoni, atendanti wa siku nyingi, mama mnene mwenye mikono ya kupasua kuni, lakini akigeuza mgonjwa ungedhani anageuza chapati asiipasue. Mimi nilifikiria atanionyesha mahali pa ndoo. Aliniambia nilale kwa kitanda, chali, na nisisonge. Nikalala nikifurahi, nikajua hii kazi ni nzuri. Akaniacha hapo asubuhi yote. Nikijaribu kujigeuza anapiga chuma ya kitanda na kijiko. Ilipofika saa sita mchana akaniuliza wapi kunauma. Nikamwambia visigino, mfupa wa makalio, viwiko, na nyuma ya kichwa. Akasema, “Basi hapo ndipo kidonda kitaanzia. Sasa umesoma.” Hiyo ndiyo digrii yangu, na nilihitimu nikiwa na njaa.

Alinifundisha mengine pole pole. Mzee akikataa chakula, usimuite mkaidi kabla hujaangalia mdomo, kwa sababu mara nyingi ni jino ama ulimi umechubuka. Kucha za miguu loweka kwanza kwa maji ya vuguvugu, upige hadithi, ndio ukate. Ongea na sikio linalosikia, na kaa chini, usisimame juu yake kama askari wa kanjo juu ya mchuuzi. Na kile kitambaa chenye fundo ambacho cucu, yaani bibi mzee wa Kikuyu, amefunga kwa petikoti, usikifungue hata kama unaenda kufua. Ndani iko vitu yake, na hata kama ni shilingi tano na peremende, ni benki yake.

Lakini kitu Mama Muthoni alinifundisha zaidi ya yote ni kutoamini mtu. Hakuwa anaamini wageni wanaoleta matunda halafu wanakula wenyewe. Hakuamini jamaa ambao hawaonekani mwezi mzima halafu wanakuja saba, wamevaa suti. Alikuwa ananinong'onezea tukitandika: “Angalia nani anamshika mgonjwa mkono, na nani anamshika kidole gumba.” Alikuwa ameona karatasi za shamba zikipigwa dole juu ya kitanda, mwenye dole amelala. Hilo neno liliniingia likakaa. Tangu hapo kila mgeni akiingia mimi naangalia vidole.

Hao manasi wa mastaz, digrii ya pili, walikuja miaka yangu ya mwisho. Walikuwa tayari ni manasi wa digrii, wamefanya kazi, halafu wakarudi shule kusomea wazee peke yao. Nikauliza wenzangu, mzee anasomewa nini? Si mzee ni mzee? Mmoja wetu, ambaye hujua kila kitu isipokuwa kufunga bomba ya maji, akatuambia hao wametumwa kutuhesabu ndio watupunguze. Nikaamini hapo hapo. Mimi ukiniambia mambo mazuri nataka ushahidi, lakini mabaya nayameza bila maji.

Aliyeletwa kwa wodi yetu alikuwa Sista Nekesa, msichana mrefu wa Bungoma, mpole, mwenye kitabu kidogo kimefungwa na raba. Wiki ya kwanza nikamshika akipima mabaki ya chakula kwa mizani, sahani moja baada ya ingine, anaandika. Nikajua anatafuta nani anakula chakula ya wagonjwa. Hiyo wiki yote nilibeba githeri yangu, mahindi na maharagwe, kwa kibakuli cha plastiki kinachoonyesha ndani, nikikiweka juu ya meza mahali kila mtu anaona mahindi ni ya kwangu. Baadaye nikaja kujua alikuwa anatafuta cucu gani hali, ndio ajue nani anakonda. Halafu akaanza kuwaambia wazee wasimame kutoka kwa kiti watembee mpaka mlangoni, na yeye anawapima na saa ya simu. Nikafikiria wanacheza kamari.

Na yeye hakuniamini. Siku moja alinikuta nakula ndizi kando ya kitanda ya mgonjwa. Nilikuwa nimepewa na mgonjwa mwenyewe, hata alikuwa amenilazimisha, lakini ukikutwa na ndizi mdomoni huwezi kujieleza. Sista akaangalia ndizi, akaangalia mgonjwa, akafungua kile kitabu akaandika. Kutoka siku hiyo kila mmoja wetu alikuwa anahesabu ndizi. Aliniita Mama Njeri kwa heshima, mimi nikamwita Sista kwa heshima, na katikati ya hizo heshima mbili ungepitisha lori ya majani chai.

Sasa ndio akaletwa Cucu Wairimu, kutoka milima ya Othaya. Kifua kilikuwa kimejaa na homa ilikuwa juu, na alikuwa anagombeza chuma ya kutundika dripu akiiita kwa jina la bwanake, ambaye alikuwa amekufa zamani, ati ameacha geti wazi na ng'ombe imetoka. Nilimwambia Sista asishtuke, mzee akishikwa na homa ya kifua akili inaweza kutoka kidogo halafu irudi. Sista akasema ni kweli, hata kuna jina yake ndefu. Tulikubaliana, na hiyo iliniudhi siku nzima.

Dawa ilifanya kazi. Baada ya siku kadhaa Cucu aliacha kugombeza chuma akaanza kunigombeza mimi. Chai ni maji. Blanketi inakwaruza. Mbona viatu vyangu vinapiga kelele. Nikajua amepona. Alichotaka ni kitu kimoja tu, arudi kwake Othaya, kwa nyumba yake, majani chai yake, na ng'ombe yake yenye mimba iliyokuwa imeachiwa jirani. Lakini mtoto wake, Ndung'u, anayefanya kazi Nakuru, alikuwa anataka kumpeleka kwake, nyumba ya kupanga, gorofa ya nne. Cucu alimwambia huko juu wanakaa ndege.

Daktari akakata maneno. Cucu apimwe akili. Kama kichwa kiko sawa, anarudi nyumbani kwake. Kama kimechoka, Ndung'u atamchukua Alhamisi. Wote wakakubali, hata Cucu, aliyesema kichwa yake haijawahi kuchoka, ni masikio ya watu wengine yamechoka. Atakayempima ni Sista Nekesa, na huo ungekuwa pia mtihani wake Sista mwenyewe. Madamu angekuja hiyo Alhamisi kumsikiliza vile amefanya, ndio ampe maksi.

Shida ilikuwa lugha. Sista hajui Gikuyu hata ya kununua mboga. Cucu naye Kiswahili yake ilikuwa ya sokoni, “ngapi” na “ondoka.” Manasi wote wanaojua Gikuyu walikuwa wanazunguka na daktari. Nikajitolea kabla sijaulizwa. Niliweka mopu ukutani nikajipangusa mikono, nikamwambia Sista mimi Kizungu nasikia, yeye aseme tu. Ile Kizungu yangu ya Form Two ilikuwa imekaa miaka bila kazi kama suti ya harusi, na nikaona leo itatoka nje.

Tulianza vizuri. Alimpa maneno matatu ayashike kichwani. Alimwuliza yuko wapi, Cucu akasema yuko mahali chai ni maji, nikatafsiri “hospitali.” Halafu Sista akampatia karatasi na kalamu, nimwambie achore saa, ile ya ukuta, aweke namba zote. Cucu akachora mviringo kama kiazi, akajaza namba, moja mpaka kumi na mbili, zimekaa kwa laini. Sista akasema kwa Kizungu, sasa mishale iseme ten past eleven. Ten naijua. Eleven naijua. Nikamgeukia Cucu kifua mbele nikamwambia kwa Gikuyu safi, weka saa kumi na moja na dakika kumi. Cucu akaniangalia, akainama, akavuta mshale mfupi ukashuka mpaka tano, na mrefu akauweka kwa mbili. Akarudisha karatasi na ile kalamu. Sista akaangalia. Uso wake haukubadilika. Akaandika kitu.

Maneno matatu yalipoulizwa tena, Cucu alikumbuka mawili. Sista akanishukuru vizuri, nikarudi kwa mopu yangu nikitembea kama mkalimani wa rais.

Siku iliyofuata ikajulikana Cucu ameanguka ule mtihani. Sikuamini. Mtu anayejua chai ni maji atakosaje akili? Nikaanza kuchunguza. Ndung'u alikuja mchana huo huo, na nikamuona kwa korido na Sista, wameinamiana. Nilichukua mopu nikaosha kigae kimoja mpaka kikawa kinaona aibu. Walikuwa wanaongea chini. Nilishika maneno machache tu: “shamba,” halafu “asaini,” halafu “kabla ya Ijumaa.” Na Ndung'u akatoa bahasha ya kaki kwa koti akampatia Sista, Sista akaingiza kwa mfuko wa yunifomu. Niliangalia vidole vya Ndung'u, virefu, safi, nikajiambia hivyo ndivyo vya kushika dole gumba. Na Sista amekula hongo.

Alhamisi asubuhi nilikuwa napanguza meza ya Sista. Meza naruhusiwa kupanguza. Kusoma siruhusiwi, kwa hivyo nilipanguza pole pole. Juu kabisa kulikuwa na ile karatasi ya saa, na kando yake sifuri ya kalamu nyekundu. Nikaangalia mchoro. Mshale mfupi kwa tano, mrefu kwa mbili. Hiyo ni nini kama sio saa kumi na moja na dakika kumi? Nilihesabu tena na kidole. Ni hiyo hiyo, haijakosa hata dakika. Huyu msichana amempa sifuri kwa jibu ambalo hata mimi nusu Form Two naona ni sawa.

Sikumwambia mtu. Nilikunja karatasi nikaiweka kwa kifua. Walikuwa wamekaa kwa ofisi ya inchaji, yule nasi mkubwa wa wodi: daktari, inchaji, Madamu na miwani yake, Ndung'u, na Sista Nekesa amesimama anaeleza kesi yake. Cucu Wairimu alikuwa kwa kiti cha magurudumu nje ya mlango, amevaa koti, mfuko wake umefungwa, anaangalia ukuta. Hakunigombeza. Hiyo ndiyo ilinisukuma. Niliingia bila kubisha, mopu mkononi.

“Madamu, niko na neno,” nikasema. “Huyu Sista amemwangusha Cucu, na Cucu amepita.”

Inchaji akaniambia nitoke. Nikatoa karatasi kwa kifua nikaiweka mezani, ikiwa na joto. Nikawaambia waangalie wenyewe hiyo saa, waangalie hiyo sifuri, halafu wamuulize Sista ni nini iko kwa bahasha ya kaki. Ndung'u akaniangalia kama mtu amepigwa na mlango. Sista hakupandisha sauti.

“Mama Njeri, mimi nilisema ten past eleven.”

“Na mimi nikamwambia saa kumi na moja na dakika kumi. Si ndio hiyo?”

Madamu, ambaye ni mtu wa Tetu na Gikuyu anaijua kuliko mimi, alivuta karatasi, akaiangalia muda, akainua macho.

“Mama Njeri, saa hii ni saa ngapi?”

Nikaangalia saa ya ukutani. “Saa nne na robo.”

“Kwa Kizungu?”

“Ten...” nikasema, na hilo neno likabaki kwa mdomo kama ile ndizi.

Mshale mfupi pale ukutani ulikuwa kwa kumi. Nimesema saa nne maisha yangu yote nikiangalia kumi. Naingia kazini saa mbili na kwa kitabu cha kuripoti naandika nane. Sisi tunahesabu kutoka jua likitoka na Wazungu wanahesabu kutoka wanapojua wao, na katikati kuna masaa sita, na hilo hata kuku anajua. Eleven yao ni saa tano yetu. Lakini siku niliyopewa kazi ya heshima nilishika namba nikaitafsiri vile ilivyo, na saa yenyewe nikaiacha. Cucu aliambiwa saa kumi na moja akachora saa kumi na moja. Hakuna mtu kwa hiyo wodi alikuwa amefanya kitu sawa kuliko yeye. Aliyemwangusha ni mimi. Nilikuwa nimechunguza kila mtu kwa jengo lile isipokuwa mwenye mopu.

Daktari alikohoa kwa mkono, na najua kikohozi na najua kicheko. Sista Nekesa hakucheka. Alikuwa mbele ya mtu wa kumpa maksi, na angeweza kuniangushia yote, ingekuwa haki. Alisema, “Na mimi nimezaliwa Bungoma, nasema saa kumi na moja kila jioni. Niliona mshale kwa tano nikaandika sifuri. Sikumuuliza hata mara moja ameambiwa nini.” Halafu akamgeukia Madamu akamwambia hiyo kesi yake haifai, amwekee kuanguka kama ni kuanguka, lakini Cucu apimwe upya kabla hajabebwa.

Ndung'u akasimama. Aliuliza sasa yeye aamini nani, kwa sababu ameomba ruhusa kazini, amesafisha chumba, amenunua kitanda. Madamu akamwambia akae. Akasema Cucu atapimwa hapo hapo, na maneno mengine matatu, na yeye Madamu ndiye ataongea Gikuyu. Mimi nitoke nje.

Nilitoka nikasimama nyuma ya mlango. Sasa nilianza kumshuku Madamu. Nilijiambia, je, kama yeye pia ameshikwa? Je, kama anaenda kumwokoa mwanafunzi wake? Hiyo ndiyo akili yangu, ikikosa mtu wa kushuku inajikodishia mwingine. Ndani nilisikia sauti ya Madamu, halafu kalamu ikikwaruza. Nilikuwa naomba, na nilikuwa naomba nikijua kama Cucu ataenda gorofa ya nne ni mdomo wangu umempandisha huko.

Mlango ulipofunguka Sista alinionyesha karatasi. Kiazi kingine. Mshale mfupi umepita kumi na moja kidogo, mrefu kwa mbili. Neno moja kati ya matatu Cucu alikuwa amesahau tena, na tarehe alikosa kwa siku moja, ambayo hata daktari aliangalia kwa simu kwanza. Sista alieleza wote kwamba kichwa hakijachoka, kimezeeka tu, na hayo ni mambo mawili. Cucu atarudi Othaya. Dawa zitapangwa kwa kisanduku cha siku saba. Jirani anayekama ng'ombe atapita asubuhi na jioni. Hatapika peke yake kwa moto wa kuni mpaka apate nguvu. Na kila mwezi atakuja kliniki.

Hapo kwa moto wa kuni Ndung'u aliinama. Alitueleza kwamba mara ya mwisho alipofika nyumbani bila kupiga simu, alikuta sufuria imeungua mpaka imekuwa nyeusi ndani, moshi umejaa, na mamake amelala kando. Tangu hapo halali vizuri. “Shamba ni lake, akae nalo,” alisema. “Mimi nataka nikipiga simu, ashike.” Ile “shamba” niliyosikia kwa korido alikuwa anauliza nani atachuna majani chai. Ile “asaini” ilikuwa fomu ya kutoka hospitali, na “kabla ya Ijumaa” ni kwa sababu ruhusa yake ya kazi ilikuwa inaisha. Bahasha ilikuwa na kadi za kliniki za zamani ambazo Sista mwenyewe alikuwa amemuomba. Nilimwambia Ndung'u pole. Aliniuliza choo kiko wapi, na nikampeleka mpaka mlangoni, na nadhani huo ulikuwa msamaha.

Sista Nekesa hakuangushwa, lakini Madamu alimwambia arudie kesi yote, na kichwa cha kesi kiwe kosa lenyewe. Kabla hajaipeleka alinipa nisome mahali nimetajwa. Alikuwa ameandika kwamba mkalimani hakuwa amefunzwa na hakuna mtu alimuuliza kama amefunzwa. Nikamwambia ni kweli, ila aongeze kwamba mkalimani alijitolea kabla ya kuulizwa. Akaongeza. Siku hizi kabla ya kupima cucu yeyote kwa ile wodi wanamuuliza kwanza anasomaje saa, na maneno ya Gikuyu ya kupimia yameandikwa yakasahihishwa na watu watatu. Mimi si mmoja wao. Nyinyi mnaoanza, mkipewa atendanti wa kuwatafsiria, mshukuru, halafu mumwambie awarudishie kwa Kiswahili kile amemwambia mgonjwa. Atakasirika. Mwacheni akasirike.

Mimi na Sista hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Lakini siku moja alinipa ndizi, na aliniangalia mpaka nikaimaliza.

Siku Cucu Wairimu aliondoka nilimsukuma mpaka kwa gari ya Ndung'u. Alikuwa ameshaelezwa maneno yote, sijui na nani, na ninamshuku inchaji. Nilipomfunga mshipi alinishika mkono.

“Ni wewe uliniibia masaa sita?”

“Ni mimi, Cucu.”

“Utakuja kunirudishia kwa majani chai.”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Wiki chache baadaye jirani yake akanipigia simu, ati Cucu anauliza nitakuja Jumamosi gani. Nikaenda. Mwili huu uliokaribia kustaafu ulishuka Othaya saa tatu asubuhi, ukakuta Cucu amekaa kwa kiti nje, blanketi miguuni, kisanduku cha dawa mapajani, na jembe imeegemezwa ukutani inaningojea. Ng'ombe ilikuwa imezaa, ndama ikaniangalia vibaya. Cucu akaniambia kazi ni kupalilia, kutoka saa tatu mpaka saa tisa, masaa sita kamili, na chai nitapewa nikimaliza.

Nililima. Kila nikisimama kunyoosha mgongo, kiti chake kilikuwa kimesongea karibu kidogo ili anione vizuri. Jirani alipita, akatuangalia, akaenda akicheka. Mikono ilipasuka. Kwa mara ya kwanza nilijua vile cucu wangu wote walikuwa wanamaanisha wakisema inauma hapa na hapa na hapa. Mwishowe nikatoa simu kwa mfuko, nikaona imefika, nikaegemea jembe.

“Cucu, saa tisa imefika.”

Aliangalia mstari niliolima, akaniangalia viatu, akaniangalia uso.

“Saa tisa ya nani?” akauliza. “Kwa ile ya Kizungu ulinipimia nayo wodini, tisa ni asubuhi, ndio unafika saa hii.”

Nikainama tena.